Kionjo cha Mchezo wa Kuigiza: Matumizi ya Lugha katika Video Fupi ya Kuutangaza Mchezo wa Wanafunzi

Mchezo wa jukwaani hautofautiani na kitabu au sinema kwa umbo lake tu, bali pia kwa umri wake. Kitabu kisipopata msomaji leo humngoja kesho. Sinema nayo yaweza kuonyeshwa tena baada ya miaka thelathini. Lakini mchezo wa wanafunzi huonyeshwa usiku mmoja, au ukijaliwa usiku wa tatu, kisha mapambo hufunguliwa, nguo hurudishwa kwa wenyewe, na wachezaji hurudi kwenye mitihani yao. Asiyepata habari za mchezo huo mapema amekwisha ukosa. Ndiyo maana tangu zamani mchezo umekuwa ukihitaji mbiu, na siku hizi mbiu hiyo mara nyingi ni video ya dakika moja au moja na nusu, ipitayo kutoka simu hadi simu.

Makala haya yana madhumuni ya kueleza jinsi video hiyo inavyotengenezwa, na hasa kuonyesha jambo ambalo watengenezaji wake aghalabu hulipuuza, nalo ni lugha. Watu wengi hudhani kwamba kazi hii ni ya kamera na ya mikasi tu. Itaonekana hapa chini kwamba mikasi hiyo, ikipita katika maneno ya Kiswahili, hukata sarufi, na kwamba kosa la silabi moja laweza kuligeuza tangazo la mchezo likawa kinyume cha mchezo wenyewe.

Asili na jina

Yafaa ikumbukwe kwamba desturi hii haikuzaliwa kwa ajili ya sinema. Mojawapo ya video za kwanza za namna hii, kama zingeweza kuitwa video wakati ule, ilitengenezwa New York mwaka 1913 na Nils Granlund, aliyekuwa akishughulikia matangazo ya majumba ya sinema ya Marcus Loew. Alichukua picha za mazoezi ya mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, ulioitwa The Pleasure Seekers, akazionyesha katika majumba ya sinema ili watu wavutiwe kwenda kuutazama. Basi wanafunzi wanaopiga picha mazoezi yao kwa simu hawaigi mambo ya sinema. Wanairudia kazi katika asili yake.

Kwa Kiingereza kitu hiki kilipewa jina la gari lisilo na injini linalokokotwa na jingine, kwa sababu hapo mwanzo kilionyeshwa mwisho wa sinema, kikifuata nyuma yake. Wasemaji wa Kiswahili waliokopa neno hilo walipata trela, lakini trela tayari ni mali ya madereva wa malori na wakulima wa matrekta. Isitoshe, maana ya kufuata nyuma imekwisha potea hata huko ilikotoka, kwani siku hizi kitu chenyewe hutangulia. Wengine hutumia kidokezo, jina lisilo baya, ila kidokezo ni habari inayotolewa kwa ufupi au kwa kificho, na video hii si habari tu. Neno lililokwisha kuanza kushika mizizi katika muziki na filamu ni kionjo, nalo lastahili kukubaliwa. Anayeonja hajala, walakini alichoonja ni chakula chenyewe, si picha ya chakula. Mpishi akimwonjesha mtu mchuzi wa chungu kimoja kisha akampakulia wa chungu kingine, huyo hakuonjesha, alidanganya. Jina lenyewe, basi, lina sharti ndani yake.

Mchezo wa mfano

Ili maelezo yasielee hewani, na uchukuliwe mchezo mmoja: Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, uliochapishwa mwaka 1969, na ambao umekuwa ukisomwa na kuchezwa na wanafunzi tangu hapo. Msingi wake ni vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mtu wa historia, aliwagawia watu maji ambayo yaliaminiwa kuwa yatawakinga na risasi za Wajerumani, naye alinyongwa Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Kinjeketile wa mchezo ni kiumbe cha mtungaji, na hata herufi za jina lake zinamtenga na yule wa historia. Anayeandika jina hilo katika kionjo hapana budi azichunge herufi hizo.

Mchezo huu umechaguliwa kwa sababu ni mgumu kuuonjesha kwa haki. Ndani yake mna mambo yanayoivutia kamera: mto, ngoma, umati, mtu aliyezama majini akarudi. Mtengenezaji mwenye haraka atayakusanya hayo, naye atapata video ya kusisimua inayosema kwamba huu ni mchezo wa mganga na maji yake ya ajabu. Lakini si hivyo. Kiini cha mchezo ni mtu anayeona neno lake likimtoka mkononi, likawaunganisha watu waliokuwa wametengana, kisha likawapeleka mahali ambapo yeye mwenyewe hana hakika napo. Wanahistoria hukadiria waliokufa katika vita hivyo kuwa kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa iliyoletwa na kuchomwa kwa mashamba na vyakula. Katika mji wa Songea, ambako viongozi wa vita walinyongwa Februari 1906, pana makumbusho ya Maji Maji na watu ambao kwao habari hizi ni za babu zao. Kionjo kinachoyafanya maji kuwa kiini macho tu huwakosea hao kabla hawajaingia ukumbini.

Kupiga picha na kunasa sauti

Kazi ya kwanza ni ya wakati. Kionjo sharti kitoke kabla ya mchezo, kwa hiyo hakiwezi kupigwa siku ya onyesho. Iliyo bora ni kuchagua siku mbili za mazoezi, takriban majuma matatu kabla ya kufunguliwa pazia, wakati wachezaji wameyashika maneno yao na nguo zimekwisha patikana. Siku ya kwanza mchezo upigwe mfululizo kutoka mbali, bila kuwakatiza wachezaji. Siku ya pili sehemu chache zilizochaguliwa zichezwe tena kwa ajili ya kamera peke yake.

Siku hiyo ya pili ina sababu. Mchezaji wa jukwaani amefundishwa kumfikia mtu aliyekaa safu ya mwisho. Huinua sauti, huupanua mkono, huukaza uso. Kamera ikimsogelea hatua mbili, yote hayo huonekana kuwa makelele. Mwongozaji amwombe aseme maneno yale yale kana kwamba anamwambia mtu mmoja aliye karibu naye, na mara nyingi hapo ndipo maana ya maneno inapochomoza.

Sauti nayo haifai kutegemea simu iliyowekwa nyuma ya ukumbi. Ukumbi mtupu hurudisha mwangwi, na mwangwi hula konsonanti hafifu. Maneno muhimu yarekodiwe tena katika chumba kidogo kilichotundikwa blanketi na vitenge ukutani, kinasa sauti kikiwa karibu na kinywa. Kuhusu umbo la picha, jukwaa ni pana na simu iliyosimamishwa ni nyembamba. Anayepiga picha awaweke wasemaji katikati, ili hata pande mbili zikikatwa mtu asipotee pamoja na maneno yake.

Kiambishi kisicho na jina lake

Baada ya hapo huja kuchagua maneno, na hapa Kiswahili kina utajiri ambao lugha nyingine nyingi hazina. Kitenzi cha Kiswahili hubeba ndani yake alama ya jina linalotenda, hata kama jina lenyewe halikutajwa. Msemaji akisema "Yamefika," msikilizaji ameelewa sentensi kamili, lakini hajui ni nini kilichofika. Anajua ngeli tu. Katika mazungumzo ya kawaida jina lilikwisha tajwa mapema. Katika kionjo limekatwa, na pale lilipokatwa pamebaki swali. Hamu ya kulijua jina hilo ndiyo itakayomtoa mtu nyumbani kwake.

Tena, kiambishi ya- hakibagui. Maji yamefika, majeshi yamefika, maneno yamefika, maafa yamefika, yote ni sawa mbele ya sarufi. Na aseme mchezaji "Yamefika" wakati picha inaonyesha kibuyu kinachoinamishwa, kisha sauti ile ile irudiwe juu ya picha ya buti za askari. (Sentensi hii na zitakazofuata zimetungwa kwa ajili ya maelezo, si maneno ya mchezo.) Hapo mtazamaji amepewa maji na majeshi kwa silabi moja, naye atabaki akijiuliza lipi lililoleta jingine. Hilo ni swali la mchezo wenyewe, kwa hiyo kionjo hakikudanganya. Hila hiyo hiyo ingekuwa udanganyifu kama kiambishi kingeelekezwa kwenye kitu kisichokuwamo katika mchezo kabisa.

Hatari ya silabi ya kwanza

Utajiri huo una hatari yake. Kiswahili huweka ukanushi mwanzoni mwa kitenzi, na mwanzo wa kitenzi ndipo mikasi inapopita. Mtengenezaji anayetaka sauti iingie kwa kishindo huikata mara tu inapoanza kusikika, na akichelewa kwa nukta ndogo sana, silabi ha- huachwa nje.

Katika nyakati nyingi za kitenzi kosa hilo hujifichua lenyewe. Hatukufa likipoteza ha- hubaki tukufa, nalo halikubaliki kuwa sentensi. Hatujafa hubaki tujafa. Hawaji hubaki waji. Sikio hukataa, na mtengenezaji hurudi kurekebisha. Lakini wakati ujao una tabia tofauti, maana alama yake ya -ta- haibadiliki katika ukanushi wala irabu ya mwisho haigeuki. Hatutakufa likikatwa silabi moja huwa tutakufa. Hawatatuua huwa watatuua. Hayatatulinda huwa yatatulinda. Sentensi iliyobaki ni sahihi, nzuri, yenye nguvu, na ni kinyume cha iliyosemwa. Vivyo hivyo kwa -nge- katika namna moja ya ukanushi wake: hatungeshinda huwa tungeshinda. Kwa mtu mmoja anayetajwa, tofauti ni ndogo zaidi, kwani hatakufa na atakufa hutengwa na pumzi ya h tu, na pumzi hiyo ndiyo ile inayoliwa na mwangwi wa ukumbi.

Sasa yatazamwe haya pamoja na mchezo wa mfano. Utabiri husema kwa wakati ujao. Hauna wakati mwingine. Mchezo unaohusu utabiri utakuwa umejaa vitenzi vya -ta-, na watu watakaokata maneno yake watakuwa wakitembea juu ya ule ule ubao mwembamba unaovunjika bila kutoa mlio. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kukata maneno ya Kiswahili ni hii: kitenzi cha wakati ujao kiachiwe pumzi ya kimya mbele yake, na baada ya kukatwa kisikilizwe na mtu ambaye hakuusoma mchezo, aandike alichosikia. Alichoandika kisipolingana na maandishi ya mtungaji, ikatwe upya.

Mkia wa sentensi una hatari ya namna yake. Swali la Kiswahili linalotaka jibu la ndiyo au siyo mara nyingi halina neno la kulionyesha, ila mpando wa sauti tu. "Yatatulinda" ni ahadi au ni shaka, na kinachotofautisha ni jinsi sauti inavyokwenda mwishoni. Ngoma ikipandishwa kabla sauti haijamaliza safari yake, shaka huwa ahadi. Mtu mwenye hofu katika mchezo hugeuzwa kuwa muumini katika kionjo. Kanuni ya pili, basi, ni kwamba ngoma imngoje msemaji.

Maandishi ya chini ya picha

Wengi watakaokiona kionjo watakitazama garini au kazini, sauti ikiwa imefungwa. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya wasiosikia, maneno huandikwa chini ya picha. Kaida inayofuatwa na wataalamu wa kazi hii katika nchi nyingi ni mistari miwili, kila mmoja usiozidi herufi 37 hadi 42, na kukaa mbele ya macho kwa muda usiozidi sekunde 6 au 7.

Kaida hiyo haikutungwa kwa kuitazama lugha ya viambishi. Watakapotukaribia ni neno moja lenye herufi 17, nalo ndani yake lina mtenda, wakati, uhusiano, mtendwa na tendo. Jicho haliwezi kuliruka kama linavyoruka maneno madogo madogo ya lugha nyingine. Kwa sababu hiyo yafaa sentensi ziandikwe fupi, na neno refu lipewe nafasi ya kutosha kwenye mstari wake. Mstari usikatwe katikati ya uhusiano, yaani maji yasibaki juu na ya mto yakaanguka chini. Alama ya kuuliza isisahauliwe kamwe, maana kwa asiyesikia hiyo ndiyo mpando wa sauti pekee alio nao. Tena maandishi yaandikwe kutoka kitabuni, si kutoka masikioni, yapate kuwa shahidi dhidi ya kosa la mikasi.

Lafudhi za wachezaji hazina haja ya kufichwa. Mwanafunzi atokaye Kigoma na yule atokaye Pemba hawatamki sawa, na vita vya Maji Maji vyenyewe viliunganisha watu wa lugha nyingi. Maandishi yawe ya sanifu ikiwa mtungaji aliandika sanifu, na sauti iachwe ilivyo.

Mpangilio na mwisho wake

Kionjo kizuri cha mchezo huu kingeanza na njaa na kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya pamba, kwa kuwa mtu asiyejua dhiki ya watu hataelewa kwa nini waliyapokea maji. Kingefuata na mto, kisha na mabishano ya viongozi, na kingekoma kabla ya vita. Sehemu ya mwisho ya mchezo, ambapo Kinjeketile hutakiwa aseme kwamba maji ni uongo, isiguswe hata kwa picha moja. Sauti ya msimulizi si ya lazima. Akiwapo, asieleze mchezo una funzo gani. Hiyo ni kazi ya ukumbi.

Hatimaye huja habari za mahali, siku na saa, nazo huharibiwa mara nyingi kuliko zote. Saa iandikwe kwa Kiswahili: saa 1:00 usiku. Anayeandika 7:00 akidhani ataeleweka kwa desturi za kigeni atawaleta wengine saa saba mchana na wengine hatawaona. Siku nayo ina mtego, kwa sababu katika pwani usiku hutangulia mchana wake, na usiku wa Ijumaa kwa wazee wengi ni ule unaoingia Alhamisi jua linapotua. Tarehe ikiandikwa pamoja na jina la siku, mtego huo huondoka.

Kadhalika idhini ya kuucheza mchezo isidhaniwe kuwa idhini ya kuupiga picha na kuusambaza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda mtungaji na pia wachezaji, na barua moja ya kuomba ruhusa kwa yote mawili haichukui muda kuandikwa.

Yaliyoelezwa hapa yaonyesha kwamba kionjo hakihitaji vyombo vya gharama. Simu moja, chumba kilichotundikwa vitenge na siku mbili za mazoezi zatosha. Kisichoweza kukosekana ni mtu mmoja katika kikundi anayeijua sarufi ya lugha anayoikata, na mwenye kitabu cha mtungaji mkononi wakati wa kukata. Kikundi hicho kikimpa mtu huyo haki ya kusema "rudia" hata kama usiku umekwenda, watu watakaokuja kuutazama mchezo watakuwa wamekuja kwa ajili ya mchezo uliopo.